Anko, niuze pikipiki yangu ya spoti, R6, nichukue FJR ya safari, au ndiyo nitakuwa nimeanza kujizeesha?

BARUA

Shikamoo Anko, pole na majukumu. Naomba jina langu usiliweke maana wana wa kwenye grupu letu la pikipiki wanasoma sana hii safu na sitaki iwe maneno.

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, naishi Tabata, nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo ndo kaanza chekechea. Nafanya kazi ofisi moja ya mambo ya mizigo, kutwa nzima niko kwenye kompyuta. Ukitoa familia na kazi, kitu pekee ambacho naweza kusema hiki ni changu ni pikipiki. Nina Yamaha R6 ya 2008, spoti baiki ya bluu, niko nayo miaka mingi sasa, mlio wake ukibadilika hata kidogo mi najua kabla fundi hajaigusa. Jumapili alfajiri huwa tunatoka kama kundi, tunaenda Bagamoyo au tunanyoosha mpaka Chalinze, tunapiga supu halafu tunarudi kabla jua halijawa kali. Hizo asubuhi ndizo zinanifanya niimalize wiki inayofuata, sikufichi.

Sasa tatizo limeanzia kwenye safari ndefu. Mama yangu yuko Njombe, umri umeenda, na tangu mzee afariki nimejiwekea utaratibu wa kwenda kumuona kila nikipata nafasi, na huwa naenda na R6. Unaijua ile njia Anko, Dar mpaka Njombe ni kama kilomita 700, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako ndo unakata kushoto. Zamani nilikuwa nafika nimechoka ila nina raha. Siku hizi nikifika Morogoro tu viganja vimeshaanza kuuma, nikitoka Mikumi shingo imekaza, na kuna ganzi inakuja kwenye kidole cha mwisho na cha pete, mkono wa kulia zaidi. Safari iliyopita nilisimama Ruaha Mbuyuni ninywe maji, nikawa nahangaika na mkanda wa helmeti pale kidevuni vidole havishiki kabisa, mpaka mama mmoja anayeuza vitunguu barabarani akaniona akaja akanifungulia yeye. Alinifungulia kama unavyomfungulia mtoto viatu. Niliwahi kuwa na uchovu, ila ile siku niliogopa, maana mlima wa Kitonga ulikuwa bado uko mbele yangu na breki ya mbele ni mkono huo huo wa kulia.

Nikirudi nyumbani nilimsimulia mke wangu, akanyamaza kidogo akasema basi tafuta pikipiki ambayo hata mimi naweza kupanda twende wote kwa mama. Anko mke wangu pikipiki yangu hapendi, nilimpakia R6 mara moja mpaka Kibaha, kile kiti cha nyuma unakijua kilivyo, kidogo na kiko juu, alishuka analia kiuno akasema sipandi tena. Kwahiyo kusikia anasema hivyo kidogo nimwone malaika.

Bahati nzuri au mbaya, kuna jamaa mmoja anahama nchi anauza Yamaha FJR1300 ya 2014, ile pikipiki kubwa ya safari ndefu, ina maboksi yake yote ya pembeni, imetunzwa, anataka milioni 18 na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. R6 nimeshapata mtu wa kunipa milioni 11. Hiyo saba inayobaki nilikuwa nimeiweka ya kumalizia ukuta wa kiwanja chetu. Nilienda kuijaribu FJR mitaa ya Masaki, Anko kile ni kiti siyo kiti, umekaa wima mgongo umenyooka, ukigusa resi inaondoka bila kelele bila kukasirika. Ila pale nilipotaka kugeuza parkingi ilitaka kunilalia, uzito wake siyo mchezo. Na nilipoiwasha R6 yangu kurudi nyumbani, ule mlio, niliona kama naisaliti.

Wana niliwagusia kidogo kwenye grupu bila kusema kama ni mimi, wakaanza, mara kitanda, mara basi la mkoa, mara mzee wa maboksi, mmoja akaandika mtu akinunua ile ajue Jumapili hana namba tena. Najua ni utani ila umeniingia. Na najua nikiiuza hii R6 sitapata nyingine, Yamaha wenyewe soko la Ulaya waliacha kuiuza kama pikipiki ya barabarani 2020, zilizobaki zinazidi kuchakaa kila siku.

Kwahiyo Anko niko hapo katikati. Nikibaki na R6 mwili unakataa na mke namuangusha. Nikichukua FJR naona kama nasaini karatasi kwamba ujana basi. Silali vizuri. Naomba ushauri wako, hata ukiwa mkali nitaupokea.

Mwana wa Tabata


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, na nianze kwa kukwambia sioni kitu kidogo hapa. Kuna watu watasema huyu analia kwa ajili ya pikipiki wakati wenzake wana shida za maana, waache, mtu akishakaa na chombo miaka yote hiyo kikambeba kwenda kumuona mama yake baada ya msiba, hicho chombo kimeshaingia kwenye maisha yake, na kukiacha kunauma. Mimi pia nimeendesha pikipiki tangu ujanani na naendelea, kwahiyo nakuandikia kama mtu anayejua ganzi ya Ruaha Mbuyuni inavyokuwa.

Nikikusoma naona umeniuliza swali moja, niuze au nisiuze, lakini ndani yake umefunga mambo matatu ambayo kila moja lina jibu lake. Kuna mkono wako. Kuna mke wako na ile sentensi yake. Halafu kuna wewe na R6 na wana wa Jumapili. Umeyabeba yote umeyatwika FJR, kwamba nikiinunua hii mkono utapona, mke atafurahi, ila ujana ndo basi. Mimi sina uhakika kama FJR inaweza kufanya hata moja kati ya hayo matatu peke yake, ndo maana naomba tuyafungue.

Tuanze na mkono maana huo ndo wa haraka. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete, hivyo vidole viwili vinapokea fahamu kupitia mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, pale ambapo ukijigonga unasikia kama shoti ya umeme, halafu unashuka mpaka kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Ukilalia kiganja muda mrefu, na hendo inatetemeka, unaubana. Lakini mdogo wangu umesema mwenyewe kutwa uko kwenye kompyuta, pengine viwiko vimeegemea meza masaa nane siku tano za wiki, halafu wikiendi ndo unaenda kumalizia kwenye R6. Je kama tatizo limeanzia ofisini? Je kama linatoka shingoni, maana umesema na shingo inakaza? Ukiuza R6 ukanunua FJR halafu ganzi ikaendelea, utakuwa umepoteza pikipiki unayoipenda na ugonjwa unao bado. Kwahiyo kabla hujazungumza na muuzaji yeyote nenda hospitali, mwambie daktari vidole gani, mkono gani, baada ya muda gani, na umwambie wazi kwamba ulishindwa kufungua mkanda wa helmeti. Usimpunguzie. Na mpaka umuone naomba Njombe uende kwa basi, kwa sababu ulisema mwenyewe, breki ya mbele ni mkono huo huo.

Sasa nikubaliane na wewe kwenye jambo moja, R6 kwa ile njia inakutesa na siyo kosa lake. Spoti baiki imetengenezwa ukae umelala mbele, na ukiwa kwenye mwendo mkubwa upepo unakubeba kifua, uzito unatoka mikononi. Hiyo ndiyo hesabu yake. Njia yetu je? Kila kijiji kibao cha 50, rasta, matuta, na chini ya mwembe kuna trafiki na tochi, Mikumi ndani ya hifadhi ndo kabisa unatambaa kwa sababu ya wanyama na faini zake. Kwa spidi ya 50 hakuna upepo wa kukubeba, kifua chote kinakaa juu ya viganja. Na ile injini, cc 599, nguvu zake za juu kabisa ziko kwenye mizunguko elfu 14 na kitu kwa dakika, gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita mia kwa saa. Yaani sehemu tamu ya pikipiki yako kwenye njia zetu hizi ni vigumu kuigusa ukiwa umetoka gia ya kwanza. Hiyo FJR ni kinyume chake, cc 1298, inavuta kwa nguvu kuanzia chini, mizunguko elfu tatu tu imeshakupandisha mlima na mzigo wako, tenki lita 25 wakati la R6 ni kama 17, haina cheni ya kupaka mafuta kila ukilala Iringa, ina shafti na difu, kioo cha mbele kinapanda na kushuka kwa umeme. Kwa Dar Njombe ukiniuliza ipi imetengenezwa kwa kazi hiyo siwezi kukuzungusha.

Ila naomba nikuulize, nani alisema lazima ubadilishe pikipiki nzima ndo upate nafuu? Kuna vitu umeviruka. Fundi mzuri anaweza kukuwekea hendo za kuinuka sentimita chache kwenye R6, inapunguza sana mzigo wa mikono japo lazima aangalie waya na mipira ya breki isivutike ukikata kona. Ukae kwa magoti, yaani ubane tenki kwa mapaja, tumbo na mgongo vishike mwili, mikono ibaki milegevu, wengi tunajua hivyo lakini baada ya kilomita mia tunasahau tunaangukia mikono. Na tairi, hizi tairi za spoti turingi, yaani za spoti ya safari ndefu, katikati zina mpira mgumu na pembeni laini, saizi zake 120/70 mbele na 180/55 nyuma ndiyo hizo hizo za R6 yako, zinadumu kuliko za spoti ambazo kwenye njia ndefu iliyonyooka zinaliwa katikati zinakuwa bapa. Hii njia ni ya bei ndogo. Hasara yake ni kwamba haitamgusa mke wako kabisa, kiti cha nyuma kitabaki kile kile, na kuna hatari ukajifariji kwamba umetatua kumbe umesogeza mbele tu, mwili wa miaka 42 haurudi kuwa wa 28 kwa kuinua hendo.

Basi tuje kwa shemeji yangu, na hapa ndo nilikaa muda mrefu zaidi. Alisema tafuta pikipiki ambayo hata mimi naweza kupanda twende wote. Wewe umesikia mwaliko, umefurahi, na inawezekana kabisa ni mwaliko. Lakini mtu ambaye alishuka Kibaha analia kiuno, anayekwambia hivyo usiku ule ule uliomsimulia kwamba umeshindwa kufungua helmeti, mimi nasikia na hofu pia. Huenda alikuwa anasema nataka kuwa karibu mkono wako ukigoma. Huenda alikuwa anasema nimechoka kubaki peke yangu na watoto wikiendi nzima huku nahesabu masaa mpaka simu yako iingie kutoka Makambako. Huenda anammiss mama mkwe wake na hakuna siku ulimwambia twende. Sijui ni lipi, wewe ndo unaweza kujua, na utajua kwa kumuuliza, siyo kwa kununua. Muulize siku ambayo hakuna pikipiki mezani, usiwe umeshika simu yenye picha za FJR. Muulize tu, ukiwaza safari ya Njombe unawaza nini?

Halafu kuna jambo zito naomba ulisome taratibu. Mkipanda wote wawili, watoto wanabaki. Darasa la sita na chekechea. Sasa hivi kila ukiondoka na R6 kuna mzazi mmoja barabarani na mmoja nyumbani. Ukinunua hiyo FJR mkaenda wote, mko wazazi wawili juu ya matairi mawili, Kitonga ile mnapishana na malori ya Zambia na Kongo, lori moja linapanda kwa gia ya chini kabisa na lingine linashuka breki zinanuka. Sisemi msiende, kuna watu wanasafiri mke na mume miaka nenda rudi na ni furaha yao kubwa. Nasema hilo jambo liongelewe na nyinyi wawili kwa sauti, nani anabaki na watoto, bima ikoje, ndugu gani anajua, siyo kila mmoja analiwaza kimya kimya akiwa nyuma ya helmeti yake. Na bajeti ya shemeji hujaiandika hata mstari mmoja, helmeti yake nzuri, jaketi lenye kinga, glavu, buti. Hiyo siyo ya kukopa kwa jirani.

Kuhusu FJR yenyewe kuna dhana moja umeiweka bila kuisema, kwamba ni ya kistaarabu kwahiyo ni salama zaidi. Umeandika inaondoka bila kelele bila kukasirika. Hapo hapo ndo pa kuwa makini. R6 ikikimbia inakwambia, upepo unakupiga, injini inalia, mwili mzima unajua. FJR unaweza kuwa 150 nyuma ya kioo chako umetulia unawaza chakula cha jioni, halafu ng'ombe wa Ilula wakavuka. Na uzito, R6 ikiwa na mafuta ni kama kilo 190, FJR ya miaka hiyo inakaribia 290. Kilo mia za ziada. Ongeza shemeji, ongeza maboksi yaliyojaa mchele na maparachichi ya mama wakati wa kurudi. Ikiwa inatembea huuhisi huo uzito, ila unausikia kwenye kokoto za sheli, kwenye parkingi yenye mteremko, kwenye tuta la kijijini tumbo likigusa, kwenye kufunga breki ghafla. Pale Masaki ilipotaka kukulalia ilikuwa tupu na ulikuwa peke yako. Hili linafundishika, watu wafupi na wembamba wanaziendesha vizuri kabisa, lakini linataka mazoezi ya mwendo wa taratibu kwenye uwanja wa wazi, kugeuza duara dogo, kusimama na abiria, hata kujua namna ya kuiinua ikilala, kabla ya kuipeleka milimani. Na ukiwa na maboksi sahau ule mtindo wa kupenya foleni ya Ubungo kama na R6.

Ndo maana nashangaa kidogo umeruka toka ncha moja mpaka nyingine. Katikati pale kuna pikipiki nyingi, Tracer 900 GT ya Yamaha hao hao, silinda tatu, unakaa wima, kilo zake zinakaribia za R6 kuliko za FJR. Kuna Kawasaki Z1000SX, ina moto wa spoti kabisa lakini hendo ziko juu na inachukua maboksi. Hizi za katikati nyingi zina cheni, tenki ni dogo kuliko la FJR na abiria hakai kifalme vile, ila mtu anayelia kwamba ataukosa ule mlio na ule ukali anaweza kuupata kiasi chake huko. FJR imekujia kwa sababu jamaa anahama. Ingekuwa jamaa anayehama anauza Tracer, barua yako leo ingekuwa inasemaje?

Hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya kwake, yeye ndo ana ndege ya kuwahi. Ukitaka kweli kujua, muombe muda wa kutosha nayo, uiache amana, ninyi wawili mkaandikishiane, uende nayo mpaka Morogoro na kurudi, siyo kuzunguka Masaki. Kilomita karibu 400 hizo, mkono wako utaongea. Akikataa, ni haki yake, na wewe ni haki yako kutonunua kitu cha milioni 18 kwa kukizungusha mtaa. Na kama utafika kwenye kuikagua, uliza valvu zilipimwa mara ya mwisho lini, mafuta ya difu yalibadilishwa lini, jaribu maboksi yote kufuli na funguo, angalia zile namba nne kwenye ubavu wa tairi, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2317 maana yake wiki ya 23 ya 2017. Pikipiki iliyotunzwa ndani ya gereji mara nyingi ina tairi yenye manyoya mazuri na mpira uliokufa.

Wana wa grupu sitawaongelea sana. Uliwagusia bila kusema ni wewe, kwahiyo waliokuwa wanamtania ni mtu hewa. Kundi ambalo limekunywa supu na wewe miaka yote hiyo linaweza kukushangaza ukiwaambia ukweli kwamba vidole vimekufa ganzi Ruaha. Na nina uhakika hauko peke yako, wenye miaka yako humo ndani wengi wao viganja vinawauma na wamenyamaza kama wewe. Kama kuna atakayekufuta Jumapili kwa sababu ya hendo kuwa juu, ni kweli itauma.

Kinachobaki ni hiki cha ujana, na hiki sitaki kukigusa kwa haraka maana kwenye barua yako kiko kila aya. Umesema utakuwa unasaini karatasi. Nikuulize tu, baba yako alipofariki, mama akabaki peke yake Njombe, wewe ukaanza kwenda na kurudi kilomita zote hizo, je pale hukuwa umeshavuka kitu tayari? Ulikuwa mtoto wa kiume anayetembelewa, ukawa mtu mzima anayeangalia mzazi. R6 ndo ilikuvusha. Inawezekana unachoogopa kukiuza ni yale masaa barabarani ya kuomboleza ambayo hukuwa na mahali pengine pa kuyaweka, huku ukiyapa jina la ujana. Nakisia, na kama nimekosea utaniambia. Lakini kama kuna ukweli hapo, basi hata ukinunua FJR, hata ukienda kwa basi ukashuka Makambako, hata treni ya TAZARA inapita hapo hapo Makambako, hayo masaa yatataka nafasi yake, na shemeji anaweza kuwa mtu wa kuyasikiliza akiwa amekaa na wewe sebuleni tu.

Kuna na njia ambayo hukuitaja, kuiacha R6 ibaki ya Jumapili, Bagamoyo na kurudi mwili unaihimili, na Njombe iwe ya usafiri mwingine kabisa, ukuta ukajengwa. Hasara yake ni kwamba utaikosa ile barabara, na najua ile barabara asubuhi ukipita mibuyu ya Ruaha jua likiwa bado la chini. Kuna kubaki na zote mbili, wengi wanaota hivyo, ila pikipiki mbili ni bima mbili, tairi seti mbili, betri mbili zinazokufa kwa kukaa, kwa mshahara mmoja, na hapo shemeji ana haki ya kusema neno kuhusu ule ukuta, maana saba ile umeandika kiwanja ni "chetu". Na kuna kuuza R6 na kutonunua chochote kwa miezi kadhaa, uone mkono unarudije na wewe mwenyewe unajisikiaje Jumapili ya kwanza ukiamka alfajiri huna pa kwenda. Hiyo inatisha kuliko zote, naielewa, na yule wa milioni 11 anaweza asingoje uamue.

Nisingependa ujibu muuzaji kabla hujajibu haya mawili, daktari kasema nini kuhusu vidole, na mkeo kasema nini ulipomuuliza bila picha za pikipiki. Ukishayapata niandikie tena, na uniambie pia mama Njombe anaonaje wewe kuja na pikipiki, maana kwenye barua nzima yeye ndo safari yote inamhusu na hujaniambia kama amewahi kuulizwa.

Anko